Lugha Iliyokuwa Inaisha na Bando

Binti yangu alikuwa ameshaanza kusema. Hilo huwa nalitanguliza kila ninapomsimulia mtu, kwa sababu wengi hudhani alizaliwa hivyo alivyo. Alikuwa anasema "baba", anasema "nipe", anagombana na kuku wa bibi yake uani na kuwatisha kwa maneno ambayo hatukujua ameyaokota wapi. Kisha akapata homa ya uti wa mgongo. Tukalazwa naye, tukaomba, akapona. Tuliporudi nyumbani, mtaani kwetu Pasiansi hapa Mwanza, alikuwa anatembea akiyumba kama mtu aliyeshuka kwenye boti, na sisi tukasema ni udhaifu wa ugonjwa, utaisha.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Mfuniko wa sufuria ulimponyoka ukapiga sakafu nyuma ya mtoto. Mimi niliruka. Mtoto aliendelea kula.

Tulirudi hospitali. Daktari alimpima, akasema mishipa ya kusikia imekufa na haina dawa.

"Sasa tufanyeje, daktari?" nikamuuliza.

"Mleeni tu. Mshukuruni Mungu amepona."

Mungu tulimshukuru na bado tunamshukuru. Lakini hilo "mleeni tu" limenikaa kooni mpaka leo. Nimlee kwa maneno gani? Mtu yule alikuwa amesoma miaka mingi, na mbele yake palikuwa na wazazi wawili walioduwaa, na hakutamka kwamba duniani kuna kitu kinaitwa lugha ya alama. Hakusema kwamba hapa hapa mjini kuna watu wazima viziwi wanaofanya kazi, wanaooa na kulea watoto. Angesema hivyo tu, kwa pumzi moja, angetuokolea miaka.

Basi tukabaki na ishara zetu za nyumbani. Maji ni kidole gumba mdomoni. Bibi ni kugusa pengo la meno. Kwa mama yake, aliyekuwa akiuza vitenge kwenye minada ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na kurudi mwisho wa wiki, alinyoosha mkono kuelekea ziwani. Ishara hizo zilitosha kuomba chakula. Hazikutosha kumweleza mtoto kwamba mama atarudi Jumamosi na si leo, kwa hiyo kila siku jioni alisimama mlangoni akinyoosha mkono, na kila siku mimi nilitikisa kichwa.

Mimi ni fundi friji. Nina kibanda changu Buzuruga, si mbali na stendi. Majokofu ya kisasa yalipoanza kuingia nilijifunza kuyatengeneza kwenye simu, kwa kumtazama fundi mmoja wa nchi za mbali ambaye sikuelewa hata neno lake moja. Niliangalia mikono yake tu. Kwa hiyo ilikuwa kawaida kwangu, nikikwama, kuitoa simu mfukoni. Siku moja nikawaza: kama simu imenifundisha majokofu, itashindwaje na hili? Nikaandika "kujifunza lugha ya viziwi", nikabonyeza.

Alitokea mwanamke wa Kizungu, mchangamfu, nywele fupi, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Kila jioni nilipofunga kibanda tuliketi na binti yangu kwenye mkeka, simu tumeiegemeza kwenye kopo la unga, tukafuata. Tulijifunza herufi zote, zile za mikono miwili. Tulijifunza rangi na wanyama. Na simu, ilipoona nampenda yule mama, ikaniletea wenzake, wote wa kwao, wote wenye kuta nyeupe. Kadiri nilivyotazama ndivyo ilivyozidi kunipa yale yale. Haikuniuliza hata mara moja ninaishi wapi, ingawa kwenye matangazo ilijua vizuri kabisa niko Mwanza, maana ilikuwa inanitangazia viwanja vya Ilemela.

Binti yangu alijifunza alama ya theluji. Mtoto anayelala akinuka dagaa, anayeona ziwa akitoka tu mlangoni, alikuwa anajua kusema "theluji" na hajui kusema "dagaa". Nami nilikuwa najivuna! Wageni wakija nilimwita awaonyeshe.

Wakati huo daraja la kuvuka ziwa pale Kigongo lilikuwa bado halijakamilika, watu walivuka kwa kivuko. Jumamosi moja nilimchukua binti yangu twende kumpokea mama yake. Tulikuwa tumesimama pale wanapouza mahindi ya kuchoma, mara nikahisi mkono wake umechomoka kwenye wangu. Hatua chache mbele yetu dada mmoja aliyevaa gauni la kijani alikuwa akizungumza na mwenzake kwa mikono. Walikuwa wanaongea kwa kasi, wanakatizana, wanacheka, kama dada wawili wanaotoka sokoni. Binti yangu alienda akasimama mbele yao, mdomo wazi. Hakuwahi kuona jambo lile. Wala mimi.

Kisha akafanya kile nilichomfundisha. Aliandika jina lake hewani, herufi kwa herufi, kwa mikono miwili.

Yule dada alitazama, akatabasamu, akatikisa kichwa. Akajibu kwa mkono mmoja. Binti yangu akageuka kunitazama, akitaka nimweleze.

Dada akatoa simu akaandika, akanionyesha: *Hizo ni za wapi?*

Nikaandika: *Za kwenye simu.*

Akaandika: *Simu ya nchi gani?*

Walicheka, nami nikacheka, lakini uso ulikuwa unaniwaka. Kumbe lugha za alama ni nyingi, kila nchi na yake, na yetu ipo, na watu wake wapo. Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu ughaibuni bila kumtoa kwenye mkeka. Wakati huo huo mke wangu akashuka kwenye kivuko na mzigo wake kichwani, akatukuta.

"Nani huyu?" akaniuliza.

"Ni kiziwi."

"Na anaongea hivyo?"

Akautua mzigo chini, akabaki anamwangalia yule dada mpaka watu wa nyuma wakaanza kumsukuma wapite. Baadaye aliniambia kwamba mpaka siku ile alidhani mtoto wetu akikua atakuwa mtu wa kukaa pembeni kwenye harusi, anayepewa chakula na kuonewa huruma.

Dada wa Kigongo, ndivyo tulivyozoea kumwita, alituingiza kwenye kundi lao la simu. Lilikuwa na viziwi wa mikoa mbalimbali na wazazi wachache kama sisi. Kanuni zake zilikuwa wazi: hakuna kutuma sauti, hakuna kusema "bubu", na hakuna kuomboleza. Ukitaka kuuliza, jirekodi video, tumia mikono yako hata kama unakosea. Nami nilikosea vibaya sana. Msahihishaji wetu mkuu alikuwa mwalimu mmoja wa makamo, naye kiziwi, anayefundisha mkoa mwingine. Alikuwa mkali. Nilipotuma video nikichezesha mikono bila kuishughulisha sura yangu, alinijibu: "Baba, uso wako umelala. Unauliza au unatoa amri? Sijui." Nikarudia.

Lakini humo ndimo binti yangu alimopata dagaa, na sangara, na ziwa, na kesho, na Jumamosi. Jioni ya kwanza aliyoelewa kwamba mama hatarudi leo, atarudi Jumamosi, hakwenda kusimama mlangoni. Alikaa akala.

Miezi ikapita, maneno yakaongezeka. Jioni moja tulikuwa tunamenya viazi, akanigusa goti. Akasema kwa mikono, polepole ili nisipotee: "Zamani mlikuwa mnasema na mimi. Halafu mkaacha. Wote. Nilifanya nini kibaya?"

Niliweka kisu chini. Miaka yote ile mtoto alidhani tumemnyamazia. Alidhani ni adhabu.

Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba aliugua, kwamba sauti zilibaki pale pale ila masikio yake yaliharibika. Neno "kuharibika" sikulijua. Neno "adhabu" sikulijua. Nikashika simu nijirekodi niulize kundini, video ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Bando limekwisha. Mtoto amenikazia macho anasubiri jibu la swali kubwa kuliko yote ya maisha yake, na mimi namwonyesha kiganja, subiri, subiri, natoka mbio na ndala kwenda dukani kutafuta vocha.

Nilirudi, nikauliza kundini, nikapewa maneno, nikamjibu. Alisikiliza kwa macho mpaka mwisho, akasema, "Kumbe," akaendelea kumenya viazi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea. Nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani. Kiswahili changu sikukinunua popote. Nilikipokea bure, kwa mama, kwa majirani, kwa redio, kwa walimu waliolipwa na serikali. Kisukuma nacho nilipewa bure mapajani kwa bibi. Ni mtoto huyu tu ndiye anayetakiwa lugha yake iingie kwa vocha na ikatike katikati ya sentensi.

Akafika umri wa darasa la kwanza, tukamwandikisha shule ya msingi ya karibu na nyumbani. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu. "Tutamkalisha mbele," akasema. Walimkalisha mbele. Yule mtoto aliyekuwa anarudi kutoka kwa bibi na hadithi za kuku akawa anarudi shuleni kimya, mikono ameiweka mfukoni.

Siku moja nikiwa namwogesha niliona migongo ya viganja vyake ina alama za mbao za benchi, zimejichora mistari. Nikamuuliza ameanguka? Akakana. Nikauliza tena. Ndipo akanionyesha: akaketi kwenye kigoda, akaweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Nani kasema ukae hivyo?"

"Mwalimu. Kila siku. Nikikaa hivyo, nitasema kwa mdomo."

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilimkuta mwalimu mkuu ofisini anasaini karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mzazi. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilimuuliza kama anajua binti yangu anakalishwa juu ya mikono yake. Alisema anajua. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekueleza ratiba ya uji. "Ile michezo ya mikono inamfanya mvivu wa kutamka. Ukimwachia, hatasema maisha. Sisi tunamsaidia."

"Si michezo, mwalimu. Ni lugha."

"Mzazi, mimi nimesoma ualimu. Wewe hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye simu," nikasema.

Akatabasamu. Lile tabasamu nalikumbuka kuliko maneno yake. "Kwenye simu," akarudia.

Nilitoa hiyo hiyo simu nikampigia kwa video yule mwalimu wetu wa kundini. Bahati ilikuwa saa yake ya mapumziko, akapokea. Nikaielekeza kwa mwalimu mkuu, nikamwambia, huyu ni mwalimu mwenzako, ana cheti kama chako, muulize yeye. Mwalimu mkuu akamtazama yule mtu anayepunga mkono kumsalimia, akaniuliza mimi: "Huyu si kiziwi? Atanifundisha nini?"

Kwenye kioo, mwalimu akaniuliza: "Amesema nini?"

Nilikuwa na hiari ya kulainisha. Ningeweza kusema, anakusalimia. Lakini kundini walishanifunza kwamba anayetafsiri hana ruhusa ya kuchagua maneno ambayo kiziwi atayasikia. Nikamtafsiria kama ilivyo: huyu ni kiziwi, atanifundisha nini.

Hakushtuka. Nadhani aliwahi kuyasikia hayo mara nyingi. Alisema, na mimi nikawa namtolea sauti, nikiwa na hasira ambayo usoni kwake sikuiona: "Mwambie, na mimi nilikalishwa juu ya mikono yangu nilipokuwa mdogo. Sikupata kusema kwa mdomo. Nilichopata ni kuchelewa kujua kusoma. Nilisoma siku nilipompata mwalimu aliyeniachia mikono. Mwambie mtoto huyo si mvivu. Amefungwa."

Mwalimu wa taaluma aliyekuwa meza ya pembeni aliacha kuandika. Nilidhani tumeshinda.

"Nashukuru," mwalimu mkuu akasema, akanirudishia macho mimi. "Lakini nina darasa limejaa, sina mwalimu wa mambo hayo. Kama hamridhiki, mtoto ni wenu."

Tulimtoa siku ile ile. Alipoona nabeba begi lake, binti yangu alianza kusimulia njia nzima bila kupumua, mikono inakwenda, akigongana na watu barabarani, mambo yote ya wiki zile yaliyokuwa yamekaliwa.

Mimi, mke wangu na Dada wa Kigongo tulikwenda na wazazi wengine kwenye ofisi inayohusika na elimu. Dada naye alikuwa na lake. Mwanawe anasikia, anasoma vizuri, lakini kundi la wazazi la shule yake lilitangaza kila kitu kwa ujumbe wa sauti: mitihani, vikao, siku ya kufunga. Yeye alizipata zile sauti kama mistari inayocheza kwenye kioo. Aliomba waandike, wakamjibu kwa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia yaliyosemwa, nikiwa kibandani, mkono mmoja una bisibisi.

Afisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, alimsalimia Dada kwa kumpungia. Tuliomba jambo moja: mwalimu anayejua lugha ya alama, hata mmoja, kwa shule za upande wetu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema maneno yaliyoniuma kuliko ya mwalimu mkuu.

"Lakini nyie mbona mmeendelea? Mna kundi lenu, mna video. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Endeleeni kujifunza huko wakati sisi tunashughulikia."

Mke wangu, ambaye kwa kawaida huniachia mimi kusema, ndiye aliyejibu. "Mheshimiwa, watoto wako walijifunza Kiswahili kwenye simu?"

Afisa alisema ana kikao.

Nimelifikiria sana lile jibu la afisa. Simu ilitusaidia, siwezi kukana. Bila kundi lile binti yangu angekuwa bado amesimama mlangoni. Lakini lile kundi halikushuka kutoka mbinguni. Ni viziwi wenyewe, watu wenye kazi zao na watoto wao, wanaokaa jioni kumsahihisha fundi friji wa Buzuruga uso wake uliolala, bila malipo, kwa bando lao. Wao walibeba mzigo uliokuwa wa daktari, wa shule, wa ofisi ile yenye viti. Halafu mwenye mzigo anawaona wanahema, anasema: kumbe mnaweza, endeleeni!

Kundini ndimo tulimopata habari za shule yenye kitengo cha viziwi, mbali, mkoa mwingine, ya kulala huko huko. Mke wangu alikataa. Alisema hawezi kumpeleka mtoto mdogo vile kulala kwa watu. Tuligombana. Mwishowe tulikwenda wote watatu kuiangalia, na uwanjani tuliwakuta watoto wengi, wakubwa kwa wadogo, wanaongea kwa mikono. Binti yetu aliingia katikati yao. Baada ya muda kidogo hatukuweza kumtofautisha na wengine. Tulimwacha huko, na mke wangu alilia njia yote ya kurudi. Wazazi wa watoto wanaosikia hapa Pasiansi hawaambiwi wachague kati ya mtoto kusoma na mtoto kulala nyumbani.

Jumamosi sasa kibanda changu hakipokei majokofu. Tunapanga viti, Dada anafundisha wazazi na watoto wa upande huu, ana kwa ana, bila kioo. Wateja wamezoea, wengine hulalamika. Nimewaambia waje Jumatatu.

Jumapili binti yangu hupiga simu ya video kutoka shuleni. Amekuwa mrefu. Wiki iliyopita alikuwa ananisimulia ugomvi wake na rafiki yake kuhusu ndoo, hadithi ndefu, yenye watu wengi, akiwaigiza wote, mwalimu wa zamu, mpishi, rafiki mwenyewe alivyobinua midomo. Mkono wake unakimbia sasa. Nilimfuata mpaka katikati, nikapotea. Nikamwomba arudie. Akarudia, nikapotea tena pale pale.

Akanitazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mgeni. "Basi, baba," akasema. "Nitakuandikia."

Nikasema sawa. Tukaagana. Nilifurahi kwamba ana lugha inayonizidi mbio, na nilikaa na ile simu mkononi nimefura, nikiwakumbuka wote ambao wangeweza kuniambia mapema nianze kujifunza, na hawakuniambia.